Ufa ni Upi, Ukuta ni Upi?

Mlio ulianza mwezi Septemba, wakati joto la Bujumbura linapokuwa kali. Kila nilipobonyeza kitufe cha kiyoyozi, chini ya boneti kulisikika "ta", halafu sauti kama ya mtu anayesaga mahindi makavu kwa mawe. Hewa iliyotoka kwenye matundu ya dashibodi ilikuwa ya vuguvugu, kama pumzi ya mtu. Nilizima. Sauti ikapungua, lakini haikuisha. Nikaongeza sauti ya redio, kama wafanyavyo madereva wengi gari linapowaambia jambo wasilotaka kulisikia.

Mimi ni mwanafunzi wa Kiswahili wa mwaka wa tatu. Mchana niko darasani. Jioni na mwisho wa juma ni dereva wa teksi. Gari lenyewe ni Toyota Probox nyeupe aliyotuachia baba alipofariki miaka minne iliyopita. Ndilo linalolipa karo yangu na ya wadogo zangu wawili, pamoja na sehemu kubwa ya chakula cha nyumbani. Kwa hiyo swali la kutengeneza au kutotengeneza kompresa ya kiyoyozi halikuwa swali la kijana anayependa starehe. Lilikuwa swali la sanduku la bati lililo chini ya kitanda cha mama.

Ndani ya sanduku hilo mlikuwa na faranga 900,000. Laki tano zilikuwa za karo za wadogo zangu. Laki nne zilizobaki nilikuwa nimezikusanya kidogo kidogo ili ninunue kompyuta ya mtumba ya kuandikia tasnifu yangu, maana nilichoka kuandika kwenye kompyuta za kuazima na kurudishwa nyuma kila mwenye mali alipoihitaji.

Nilivumilia mlio kwa wiki mbili. Abiria walianza kulalamika. Mtu anayetoka kazini na tai shingoni, au anayekwenda uwanja wa ndege na nguo za safari, huangalia kwanza kama madirisha ya teksi yamefungwa. Akiona yamefunguliwa anajua hakuna kiyoyozi, naye hutafuta teksi nyingine. Wanafunzi wenzangu na akina mama wa sokoni hawakujali, ila wao hulipa kidogo, na ni haki yao. Nilipopiga hesabu niliona kuwa wateja watatu wazuri wa kila juma walikuwa wameacha kunipigia simu.

Nikaenda kwenye gereji moja kubwa ya mjini. Kijana aliyenipokea alifungua boneti, akawasha injini, akasikiliza kwa muda usiofika dakika moja, akaifunga. "Kompresa imekufa," alisema. "Inatakiwa mpya, pamoja na kondensa, kichungi cha unyevu na gesi." Akaandika kwenye karatasi: faranga 1,800,000. Nilipokaa kimya, akaniambia kwa upole, "Ndugu yangu, usipoziba ufa utajenga ukuta."

Methali hiyo nimeifundishwa tangu shule ya msingi. Chuoni tumeichambua: muundo wake wa sharti na matokeo, ufa ulio mdogo na ukuta ulio mkubwa, onyo kwa mtu mzembe. Hakuna siku tuliyosema darasani kwamba methali inaweza pia kushikwa mkononi kama bisibisi, ikatumiwa kufungua mfuko wa mtu. Nilitoka pale nimeshika karatasi yenye bei iliyokuwa mara mbili ya mali yote iliyokuwa ndani ya sanduku, na methali ikinifuata nyuma kama deni.

Kwenye kituo chetu cha teksi nilipata ushauri wa upande wa pili. Dereva mwenzangu, mtu mzima aliyeendesha Bujumbura tangu mimi sijazaliwa, alicheka. "Kata habari ya kiyoyozi," alisema. "Weka mkanda mfupi unaoiruka kompresa, gari litembee. Mafuta yenyewe haya ya kulalia foleni, wewe unataka kuyachoma upate baridi?"

Hoja yake ilikuwa nzito. Katika miaka ya karibuni petroli imekuwa adimu Burundi. Nimewahi kupanga foleni kuanzia usiku hadi asubuhi na kwenda darasani nikisinzia. Kompresa huzungushwa na injini, na nguvu hiyo hutoka kwenye petroli ileile. Kila kitufe kikiwashwa, lita inapungua mapema zaidi.

Nilimpelekea mama mashauri yote mawili. Alikuwa anachambua maharage, akanisikiliza mpaka mwisho. "Mwanangu," alisema, "lile ni gari la kutafutia, si la kupumzikia. Baba yako aliendesha miaka mingapi madirisha wazi?" Nilimkumbusha kwamba baba alikuwa akiwasha kiyoyozi kwa ajili ya wateja. "Kwa ajili ya wateja," mama akajibu. "Wakishuka, anazima." Ilikuwa kweli. Nilikuwa nikimwona akirudi nyumbani jioni, shati limelowa mgongoni, ilhali kiyoyozi kilikuwa kizima na kinafanya kazi.

Nikaamua kuweka mkanda mfupi. Ulikuwa uamuzi rahisi, na nilijisikia mtu mzima kwa kuufanya. Nilipanga kuupeleka gereji Jumatatu.

Jumamosi yake nilipata safari ya Gitega. Mama mmoja mwenye mtoto mchanga alikuwa anarudi kwao baada ya kutoka hospitali, akiwa na mdogo wake wa kike aliyembebea mizigo. Barabara hiyo huanza kupanda mara tu unapoiacha Bujumbura. Ziwa Tanganyika liko kwenye mita 770 hivi juu ya usawa wa bahari. Ukifika Bugarama umeshapita mita 2,000. Chini unatoka jasho; juu, wauza karoti, vitunguu na kabichi kando ya barabara wamevaa makoti na kofia za sufi. Mvua ilianza kabla hatujafika Bugarama, kisha ukungu ukashuka.

Abiria walifunga madirisha kwa sababu ya mtoto. Tulikuwa watu wanne tunaopumua ndani ya chumba kidogo, nguo mbili tatu zimelowa. Kioo cha mbele kikaanza kuwa cheupe kwa ndani, kuanzia pembeni kwenda katikati. Nikafanya kile alichonifundisha baba: nikaelekeza upepo kwenye kioo na kubonyeza kitufe cha kiyoyozi. Sauti iliyotoka chini ya boneti ilimwamsha mtoto. Harufu ya mpira unaoungua ikaingia ndani. Nikazima haraka. Nikafungulia hewa ya moto. Hiyo nayo husaidia kufuta kioo, lakini polepole, na mlima haukunisubiri. Probox yetu imetoka Japani na usukani wake uko kulia, ilhali sisi tunaendesha upande wa kulia wa barabara. Hata siku ya jua, kuona gari linalokuja mbele ukiwa nyuma ya lori ni kazi. Siku ile nilikuwa naendesha kwa kutazama kupitia duara dogo nililolifuta kwa kiganja.

Nilisimama kando ya barabara, taa zikiwaka na kuzima. Yule mdogo wa mama alichukua kitenge akaanza kufuta kioo. Hakuna aliyenilaumu. Mama wa mtoto aliuliza tu, "Dereva, tutafika?" Nilimjibu kwamba tutafika, na tulifika, baada ya kusimama mara nne. Lakini swali lake lilirudi nami Bujumbura.

Jumatatu sikwenda kuweka mkanda mfupi. Nilikwenda Buyenzi.

Wasomaji wasioijua Bujumbura wafahamu kuwa Buyenzi ni mtaa wa Waswahili, na ni mtaa wa mafundi. Kiswahili cha pale nilikisikia kabla sijakisoma. Chuoni nimejifunza neno "kiyoyozi", Buyenzi ukilitamka, fundi anakutazama kidogo, kisha anakuuliza, "Ah, klima?" Nilikuwa namtafuta mzee mmoja aliyekuwa akitengeneza gari hilo enzi za baba. Hana gereji yenye paa kubwa. Ana kivuli cha mwembe, kabati la spana, na vijana wawili anaowafundisha kazi.

Alimuulizia mama kwanza, kisha wadogo zangu, kisha masomo. Baadaye ndipo alipoliuliza gari. Nilimwambia kompresa imekufa. "Nani amesema?" akauliza. Nikamtajia gereji bila kutaja bei. "Wewe umesikia nini?" Nikaanza kueleza, akanizuia. "Usiniambie ugonjwa. Niambie dalili. Mlio upo ukiwasha klima tu, au upo hata ukiizima?"

Nilikumbuka wiki ya kwanza. Ukizimwa hupungua, lakini hauishi. Mzee akatikisa kichwa na kuniita karibu na injini.

Alinionyesha mkanda mmoja mrefu unaozungusha pampu ya maji, altaneta na kompresa. Mbele ya kompresa kuna puli, na ndani ya puli kuna beringi. Puli huzunguka muda wote injini inapowaka, hata kama kiyoyozi kimezimwa. Ukibonyeza kitufe, klachi ya sumaku hushika puli, "ta", na hapo ndipo kompresa yenyewe huanza kusukuma. "Kwa hiyo," alisema, "kama mlio ungekuja ukiwasha tu, ningeogopa tumbo la kompresa. Ukibaki hata ukizima, ninashuku beringi kwanza. Lakini usifurahi. Beringi hii ikikwama njiani, mkanda unaungua au unakatika. Ukikatika, maji hayazunguki kwenye injini na betri haichajiwi. Hapo hutauliza tena habari ya baridi."

Ile harufu ya mpira kule mlimani ikanirudia puani. Wiki zote zile nilidhani nachagua kati ya joto na baridi, kumbe kila siku nilikuwa nacheza na injini nzima.

Nilimuuliza kuhusu mkanda mfupi. Hakuudharau. "Kwa gari la kubeba mchanga hapa mjini, ningekuwekea leo," alisema. "Wewe unapanda Bugarama." Kisha akanieleza kitu ambacho nilikuwa nakitumia bila kukielewa. Kompresa haitengenezi baridi, inahamisha joto. Inaibana gesi hadi inakuwa moto sana, gesi inapita kwenye kondensa iliyo mbele ya redieta, inapoa na kuwa kimiminika. Kimiminika hicho kinapenyezwa kwenye tundu dogo, shinikizo linashuka ghafla, kinachemka na kuwa gesi tena ndani ya redieta ndogo iliyofichwa nyuma ya dashibodi. Gesi ya magari ya umri wa letu, inayoitwa R134a, huchemka kwenye nyuzi 26 chini ya sifuri ikiwa haijabanwa. Ili ichemke inahitaji joto, nalo inalichota kwenye hewa ya ndani ya gari. Hewa inapopoa, unyevu wake unaganda matone kwenye ile redieta ndogo na kudondoka chini ya gari. Ndiyo maji tunayoyaona gari likiegeshwa. Kinachorudi kwenye kioo ni hewa kavu, na hewa kavu ndiyo inayofuta ukungu. Baba aliponifundisha kubonyeza kile kitufe mlimani, hakuwa ananifundisha starehe.

Mzee alikuwa na sharti moja kabla ya kunitajia bei. Alitaka kuona mafuta ya kompresa. Kwenye kiungo kimoja cha bomba palikuwa na doa la mafuta na vumbi, dalili kwamba gesi ilikuwa ikivuja hapo. Ndiyo sababu hewa ilikuwa vuguvugu. Kwa vyovyote ilibidi kiungo hicho kifunguliwe na mpira wake mdogo wa duara ubadilishwe. "Tukifungua tutaona," alisema. "Mafuta yakiwa meusi na yana chembe zinazong'aa, kompresa imejila yenyewe, na chembe zimeshatembea mpaka kwenye kondensa. Hapo yule kijana wa mjini atakuwa amesema kweli, na mimi nikikubadilishia beringi nitakuwa nimekuibia. Yakiwa safi, kompresa bado ina maisha."

Hakuifungulia gesi iliyobaki hewani. Aliazima mashine ya jirani, akaivutia kwenye mtungi. Nilimuuliza kwa nini anajisumbua kwa gesi kidogo hivyo, akasema siku hizi gesi ni ghali, na tena inaharibu hali ya hewa. Baadaye nilisoma kwamba kilo moja ya R134a hulipasha dunia joto zaidi ya mara 1,000 kuliko kilo moja ya hewa ya ukaa, na kwamba makubaliano ya kimataifa ya kupunguza gesi za aina hiyo yalifikiwa Kigali, kwa jirani zetu, mwezi Oktoba 2016. Mzee hakutaja mkutano wowote. Alitaja mtungi wake.

Kiungo kilipofunguka, alichovya kipande cha kitambaa cheupe na kukinyanyua juani. Nilihisi kama mtu anayesubiri majibu ya hospitali. Mafuta yalikuwa ya rangi ya manjano, hayana chembe. Alinipa kitambaa nikishike mwenyewe. "Usiniamini mimi," alisema. "Amini macho yako."

Bei yake ilikuwa faranga 320,000: beringi, mpira wa kiungo, kichungi cha unyevu, kunyonya hewa yote kwenye mfumo, gesi kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kibandiko cha chini ya boneti, na ufundi. Kisha akanieleza upungufu wa kazi yake kabla sijauliza. Kompresa imeshatembea miaka mingi. Inaweza kudumu miaka mitatu, inaweza kufa baada ya miezi sita. Hawezi kuiapia.

Nilirudi nyumbani kuongea na mama. Safari hii sikumpelekea maneno ya watu; nilimpelekea kitambaa. Nilimweleza safari ya Bugarama, ambayo nilikuwa nimemficha. Alinyamaza muda mrefu. Mwishowe aliuliza jambo moja tu: "Yule mtoto alikuwa na umri gani?" Nikamwambia wiki mbili. Akaingia chumbani, akatoka na sanduku. "Karo haiguswi," alisema.

Kwa hiyo zilitoka kwenye kompyuta yangu. Nilihesabu 320,000, zikabaki 80,000. Sitasema kwamba sikuumia. Tasnifu hii ninayoiandika sasa imeandikwa nusu kwenye daftari, na sura ya pili niliipiga chapa usiku mmoja kwenye kompyuta ya rafiki aliyekuwa anataka kulala. Wateja wangu watatu walirejea wawili. Kwa mapato ya ziada ninakadiria kuzirudisha fedha hizo kabla ya mwaka kwisha, kompresa ikinivumilia.

Tangu siku hiyo nimeifikiria tena ile methali. Haina kosa, ufa usiozibwa huangusha ukuta. Lakini haikuambii ufa uko wapi, na hapo ndipo penye kazi. Kijana wa gereji alinionyesha ukuta mzima akauita ufa. Dereva mwenzangu aliniambia hakuna ufa, kuna madoido tu. Mimi mwenyewe niliuona ufa kwenye jasho la wateja, kumbe ulikuwa kwenye beringi ndogo ninayoweza kuificha kiganjani, na kwenye kioo cheupe cha mlimani. Tofauti ya mzee wa Buyenzi na wengine haikuwa kwamba alikuwa na bei nafuu. Fundi mwenye bei nafuu pia angeweza kuniwekea mkanda mfupi. Tofauti yake ni kwamba aliuliza dalili kabla ya kutaja ugonjwa, na alikuwa tayari kitambaa kimpinge.

Sisi wanafunzi wa lugha tuna tabia ya kukimbilia methali, kwa sababu ni tamu na inafunga mjadala. Nami nimeifanya hivyo katika insha nyingi, na nimepewa alama nzuri. Siku hizi nikifika mahali pa kuiandika, najiuliza kwanza kama nimekwisha kuchovya kitambaa.

Mzee aliniachia agizo moja: niwashe kiyoyozi dakika kumi kila juma hata kama hakuna joto, ili mafuta yazunguke na mipira isikauke. Ninafanya hivyo Jumapili, ninapompeleka mama kanisani. Mara ya kwanza alinitazama kwa jicho la mtu anayehesabu petroli. Sikusema kitu. Tulipofika kwenye kona ya barabara kuu, penye vumbi na jua, aliinua mkono, akapandisha kioo cha upande wake mwenyewe, mpaka juu.